UWANJA WETU ULIFUKUZA MAJI, YAKAENDA KWA MAMA WA MAANDAZI!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala mitindo ya nywele. Nataka tuongee habari za uwanja wa mpira. Usikimbie, tulia kidogo!

Mimi ni mtoto wa Upareni. Sekondari nilisoma huko tambarare, chini ya milima, wilaya ya Same. Nyie mnaopita na basi la Arusha mnakujua kwa vumbi na jua kali. Mvua ni ya kubahatisha. Lakini siku ikiamua kunyesha huko juu, weee! Korongo lililokuwa kavu asubuhi, jioni linanguruma kama lori.

Uwanja wetu ulikuwa unatuamisha maji. Kila tukiwa na mechi, tope tupu. Siku moja ikatoka amri: wanafunzi wote, majembe na sururu, chimbeni mfereji. Tukachimba siku mbili huku tunaimba. Uwanja ukakauka, tukashangilia.

Mvua kubwa ya kwanza ikashuka. Maji yote yakafuata mfereji wetu moja kwa moja mpaka kwa mama aliyekuwa akituuzia maandazi. Jiko likaenda. Mbuzi wawili wakaenda. Gunia la unga likawa uji.

Tulikwenda kumpa pole. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, halafu akasema taratibu: "Wanangu, kumbe huo uwanja wenu ndio uliokuwa unanishikia haya maji." Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Na aibu kubwa zaidi ni kwamba sisi ni wajukuu wa watu wa ndiva. Huijui ndiva? Ni bwawa dogo la wazee wa Kipare. Usiku wanaziba mdomo wake, maji ya kijito yanajaa humo. Asubuhi wanazibua, yanateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Fika Bangalala utaikuta ya Manoo. Watu wanatutania Wapare kwa ubahili. Sawa, hata maji tunayawekea benki! Sasa mwenye akili hiyo anashindwaje na uwanja wa shule?

Tupige hesabu. Uwanja wa mita 100 kwa 60, ukiuzungushia tuta ukashika maji ya sentimita 30, ni lita milioni 1.8. Hayo ni mapipa 9,000 yale ya lita 200! Machi 2006, katika bonde la Makanya, kituo kimoja kilipima mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda usiozidi saa tatu. Mvua ya milimita 100 kwenye hekta moja ya ardhi ngumu ni lita milioni moja. Kwa hiyo uwanja mmoja unaweza kushika maji ya mabati ya shule, ya ua wake na ya vichochoro vya jirani.

Sikudanganyi lakini: korongo lenyewe uwanja hauliwezi. Kilomita moja tu ya mraba ya mlima, kwa mvua ile, inapokea lita milioni 100. Korongo liachiwe njia yake.

Unadhani ni ndoto? Uwanja wa Yokohama kule Japani, ule ambao Ronaldo wa Brazil aliifunga Ujerumani mabao mawili katika fainali ya Kombe la Dunia 2002, umesimama juu ya nguzo ndani ya eneo la kuhifadhia mafuriko ya mto Tsurumi. Oktoba 12, 2019 kimbunga Hagibis kilileta maji, yakaingizwa humo. Kesho yake Japani na Scotland wakacheza raga pale pale, Kombe la Dunia!

Msiniambie mnao tayari pale Jangwani. Uwanja wa Kaunda ulijaa maji mara nyingi bila mtu kupanga. Hapa nasema kwa mpango. Bomba dogo la kutoa maji polepole. Njia ya mawe kwa maji yatakayozidi, ielekezwe pasipo na nyumba. Shimo la kunasa mchanga pale yanapoingilia. Nyasi, tuta lisimomonyoke. Na ukauke kwa siku moja au mbili, maana mbu huhitaji kama wiki nzima kutoka yai hadi kuruka. Maji yakiwemo, mtoto asikanyage humo.

Sisi tulirudi kwenye ule mfereji na majembe yale yale. Tukauziba kwa mawe na udongo, tukaacha nafasi ya kipande cha bomba. Mechi iliyofuata tulicheza kwenye tope, tukafungwa tatu bila. Mama wa maandazi alikuwepo pembeni na beseni lake jipya, akitushangilia kuliko mtu yeyote.

Wewe je, maji ya shule ya mtaani kwenu yanakwenda kwa nani? Kaangalie mvua ijayo. Tukijaliwa, wiki ijayo tutarudi kwenye nywele.