Boti ya Alumini na Maji ya Chumvi

Juma hili tuzungumze juu ya chombo kilichotoka ziwani kikaenda kufia baharini.

Jamaa yangu mmoja, mzaliwa wa Binza, aliuza ng'ombe akanunua boti ndogo ya alumini. Kwa miaka kadhaa alivulia Ghuba ya Speke, upande wa Lamadi. Boti haikuoza kama mtumbwi wa mbao, wala haikushika kutu kama chuma. Alipohamia Dar es Salaam aliipakia kwenye lori, akaifunga gatini na kuiacha majini. Mwaka haujaisha, maji yakaanza kupenya kupitia vitundu vidogo kama vya sindano. Akalalama kuwa aliuziwa boti bandia. La hasha! Boti ni ile ile, kilichobadilika ni maji.

Kumbukeni sufuria ya jikoni. Ukilaza humo mboga yenye chumvi siku mbili tatu, utaona madoa, na baadaye vitundu. Alumini hujivika utando mwembamba sana unaoikinga. Chumvi huutoboa utando huo. Ziwa Victoria ni la maji baridi, lakini lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi.

Adui wa pili ni ujirani mbaya. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na lililo dhaifu huliwa. Alumini ikikutana na shaba, alumini ndiyo huliwa. Kipande cha waya wa shaba kilichosahauliwa ngamani chatosha kutoboa boti. Na jamaa yetu, kwa kuogopa viumbe wa baharini wanaong'ang'ania chini ya chombo, alipaka rangi yenye shaba! Rangi hiyo hufaa mbao. Kwa alumini ni sumu.

Dawa ipo, tena ni ya zamani. Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba vipande vidogo vya zinki au chuma vikiunganishwa na mabamba ya shaba ya merikebu, vipande hivyo huliwa na shaba husalimika. Nasi tufanye hivyo: kipande cha zinki, madini yale yale yanayopakwa kwenye mabati ya nyumba zetu, kikazwe kwa bolti chini ya boti, kigusane na alumini yenyewe. Kisipakwe rangi, na kikiliwa nusu kibadilishwe. Anayetoka ziwani aangalie zaidi, kwani huko hutumika magnesi, nayo baharini huisha upesi mno.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kutoiacha boti majini. Wazee wa pwani hupandisha vyombo vyao jahabuni, wakavikwangua na kuvipaka deheni. Boti ndogo ya alumini watu wachache huivuta nchi kavu. Ioshwe kwa maji baridi ndani na nje, na mashine nayo ipitishiwe maji baridi. Kizibo cha chini kifunguliwe ili mvua isituame. Ilazwe juu ya magogo, lakini pasiwe na gunia au zulia lenye unyevu linaloigandamia, kwani chini yake alumini huliwa kimya kimya.

Ikibidi kulala gatini, kumbuka kwamba ziwani maji hayapandi na kushuka kama ya bahari. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita 3. Kamba fupi itaininginiza boti hewani au kuizamisha. Acha kamba ndefu, na funga matairi ubavuni.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Basi kabla ya kutoka, chungulia ngamani. Kitundu cha sindano gatini ni aibu tu, lakini katikati ya bahari ni roho za watu.

Tukutane juma lijalo.