Kompyuta ndani ya kompyuta: Hitilafu hutafutwa wapi inapogoma?

Katika mtaa wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, mwanafunzi wa teknolojia mwenye kompyuta mpakato moja anaweza kujifunza kuendesha seva tatu bila kununua hata moja. Kinachomwezesha ni mashine pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta kamili, yenye diski, kumbukumbu na mfumo endeshi wake, ilhali yote yamo ndani ya kifaa kimoja kilicho mezani. Neno "pepe" tumeliazima kutoka barua pepe, na sijaona lililo bora zaidi.

Wazo lenyewe si geni: IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Leo wanafunzi wengi hutumia VirtualBox, programu isiyolipiwa iliyoanzia katika kampuni ya Kijerumani ya Innotek na ambayo tangu mwaka 2010 imo mikononi mwa Oracle.

Ugumu huanza mashine hiyo inapokataa kuwaka, kwa kuwa tabaka zinazoweza kuwa na kosa ni tatu: kifaa chenyewe, programu inayoigiza kompyuta, na mfumo mgeni uliowekwa ndani yake. Anayebadilisha mipangilio mitano kwa pamoja hatajua ni upi ulioleta nafuu.

Dalili moja huwapotosha wengi. Unataka kuweka mfumo wa biti 64, lakini orodha inaonesha ya biti 32 pekee. Mara nyingi programu haina kosa lolote; uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe umezimwa katika mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza, na hapo ndipo pa kuuwasha. Huenda pia Windows yenyewe imeuchukua uwezo huo kupitia Hyper-V bila mwenye kompyuta kujua. Katika matoleo ya karibuni, VirtualBox hudokeza hali hiyo kwa alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha: mashine inafanya kazi, ila kwa mwendo wa kobe.

Kumbukumbu nayo ina hesabu zake. Kompyuta ya gigabaiti 4 ikimpa mgeni 3, mwenyeji hubaki akihema, na wote wawili huganda.

Umeme unapokatika

Hapa ndipo kazi ya muhula mzima inapoweza kupotea. Diski ya mashine pepe kwa kawaida ni faili moja kubwa. Mgeni huamini kuwa ameandika kwenye diski, kumbe data bado inasubiri katika kumbukumbu ya mwenyeji. Umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka, kilichosubiri hutoweka na faili inaweza kuharibika. Wapo wanaotegemea picha ya hali, ile inayowezesha kurudi nyuma, wakidhani ni nakala ya akiba. Sivyo, kwani picha hiyo huitegemea faili ya awali. Ikiharibika hiyo, picha haifai kitu. Nakala ya kweli hupatikana kwa kuzima mashine pepe na kunakili folda yake yote kwenye diski ya nje.

Hata hivyo, wakati mwingine kosa ni la watengenezaji. Mei 2015, mtafiti Jason Geffner wa CrowdStrike alifichua dosari iliyopewa jina VENOM. Ilikuwa katika sehemu ya QEMU inayoigiza kisomeo cha disketi, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekihitaji tena, na ilikuwa imejificha humo tangu mwaka 2004. Mshambuliaji aliye ndani ya mashine pepe angeweza kuitumia kutoka nje na kumfikia mwenyeji. Xen, KVM na VirtualBox ziliathirika, na marekebisho yakatolewa.

Ukishuku dosari ya aina hiyo, ushahidi umo katika faili ya VBox.log, ndani ya folda ya mashine husika. Mwanzo wake hueleza toleo la programu na aina ya kompyuta. Mwisho hueleza kilichotokea kabla ya kuanguka. Inakili mapema, kwa sababu baada ya kuiwasha mashine mara kadhaa kumbukumbu za zamani hufutwa. Kabla ya kuwatumia watengenezaji, ipitie: njia za folda zilizoandikwa humo mara nyingi hubeba jina lako.