Hakuna Joto la Mvua

Kila Januari swali ni lile lile, kuanzia kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu hadi foleni ya Tegeta: "Hili joto ni la mvua, itanyesha lini?" Ukimjibu mtu kwamba mambo hayo mawili hayafuatani hivyo, anakutazama kama uliyesoma bure. Basi lijibiwe kwa maandishi. Joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Machi haliiti mvua wala haliitangazi, na anayechimbia mbegu Chamazi au kuahirisha kuezeka Bunju kwa sababu usiku wa jana hakulala kwa fukuto anafuata ishara isiyokuwepo.

Ushahidi wa kwanza hauhitaji chombo chochote. Joto lingekuwa mama wa mvua, Februari ndiyo ingekuwa masika. Mwezi huo mchana hufika wastani wa nyuzi 32 hadi 33, na mvua yake ni haba. Aprili, ambayo ndiyo masika yenyewe, ina joto pungufu na hupata mvua zaidi ya mara tatu ya ile ya Februari. Tazama pia saa: joto hufika kilele saa nane au tisa alasiri, ilhali mvua kubwa za masika hapa pwani hupenda kunyesha kati ya usiku na asubuhi, nchi kavu ikiwa imekwisha kupoa. Mvua huletwa na ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na hewa ikalazimika kupanda. Ukanda huo hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Jua hupita utosini mwa Dar es Salaam karibu na Oktoba 10 likienda kusini, hurudi karibu na Machi 3. Ukanda ukipita kwetu kwenda kusini ndiyo vuli, ukirudi ndiyo masika. Januari na Februari umeshuka hadi Zambia, Malawi na Msumbiji, ndiyo maana Songea na Mbeya wako kwenye palizi wakati Temeke vumbi linatimka. Sisi tunabaki na kaskazi, upepo uliotoka upande wa Uarabuni na Pembe ya Afrika, na juu yake hewa kavu inayoshuka, iliyokaa kama mfuniko wa sufuria. Ardhi ya Mbagala inaweza kuchemka itakavyo; hewa yake itapanda kidogo, itakutana na mfuniko, na wingu litaishia kuwa pamba nyeupe za saa sita mchana.

Watetezi wa joto la mvua wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mvua "inasikika" mwilini. Kinachosikika ni mvuke. Bahari mbele ya Kunduchi na Kigamboni huwa na joto la karibu nyuzi 29 msimu huu, na hewa inayotoka huko imeshiba unyevu kiasi kwamba jasho halikauki. Ni kweli wingu halijengeki bila unyevu, lakini unyevu peke yake haujengi wingu la mvua, kama ambavyo saruji iliyorundikwa kiwanjani haijajenga nyumba. Hoja ya pili ni kwamba mwaka fulani joto lilizidi na kweli ikanyesha. Bila shaka. Ukitabiri mvua kila siku kwa wiki saba, wiki ya nane masika yakianza utakuwa umepatia. Zile wiki saba hakuna anayezihesabu. Anayetaka mfano wa mwaka aangalie 2019. Machi ya mwaka huo kimbunga Idai kilichopiga Beira kilivuta unyevu kuelekea kusini, na masika ya Afrika Mashariki yakachelewa, joto likiwa pale pale. Mwishoni mwa mwaka huo huo mambo yakageuka: upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukapoa, vuli ikawa kubwa mno, na mvua zikavuka hadi Januari 2020. Mara zote mbili jibu lilikuwa baharini na kwenye pepo, halikuwa kwenye bati la nyumba yako.

Zipo mvua za kiangazi hiki, na ndizo zinazowachanganya watu. Mfuniko ukilegea kwa siku moja mbili, upepo wa bahari hukutana na ule wa bara karibu na vilima vya Pugu, na wingu moja la radi huinuka. Linaweza kuwa na upana wa kilomita chache na kuisha ndani ya saa moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapoandika "mvua na ngurumo katika maeneo machache" inasema hivyo hasa: Toangoma itaoga, Boko itabaki kavu, na hakuna aliyedanganywa. Kulaumu utabiri kwa sababu mtaa wako haukupata ni kutosoma sentensi hadi mwisho.

Ya kufanya, kwa haraka. Kazi nzito za ujenzi zihamie kabla ya saa nne asubuhi. Kunywa maji kabla ya kiu. Bati lisilo na dari hushusha joto moja kwa moja kichwani, hivyo weka dari au paka bati rangi nyeupe. Fungua madirisha yanayotazamana. Usikate mwembe wa mwisho uwanjani ili kupanua fremu. Mtu akianza kuweweseka kwa joto, mmwagie maji, mpepee na mpeleke hospitali, usingoje apoe mwenyewe. Radi ikianza, ingia ndani, mti si paa. Mbegu zingoje mwelekeo wa masika ambao Mamlaka huutoa kabla ya Machi, usomwe wa kanda yako, pamoja na tarehe za kuanza. Na mtaro wa mbele ya nyumba uzibuliwe sasa hivi, wakati tope limekauka na koleo linaingia.