Kibofu cha Mgonjwa wa Mionzi, Kipimo Chake na Saumu Yake

Baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alinisubiri barazani pamoja na mumewe. Anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, na Ramadhani imekaribia.

"Shekhe," akasema kwa sauti ya chini, "kila siku hunywa maji, nikabana haja ndogo, kisha nikapimwa kibofu kwa kijimashine. Jana nilipimwa, kikaonekana kimejaa. Foleni ikawa ndefu, nikashindwa, nikaenda msalani kimya kimya, kisha nikapanda kitandani. Niliona haya kusema. Je, nimekosea? Na nikifunga itakuwaje?"

Dada zangu, jambo hili lina hekima yake. Kibofu kilichojaa huyasukuma matumbo juu, yakawa mbali na njia ya mionzi. Tena kizazi kimekiegemea kibofu. Kibofu kikipungua, kizazi nacho husogea. Mpango wa tiba hutengenezwa kwa picha iliyopigwa kibofu kikiwa na ujazo fulani, na tiba yenyewe huwa takriban vikao 25 katika wiki tano. Ndiyo maana hospitali nyingi humtaka mgonjwa aende haja kwanza, kisha anywe takriban nusu lita ya maji na kungoja nusu saa hadi saa nzima.

Kijimashine kile hutumia mawimbi ya sauti, wala hakitoi mionzi. Hupakwa ute juu kidogo ya mfupa wa kinena, kikatoa makadirio kwa mililita. Nayo ni makadirio: mkono ukipinda, namba hubadilika, maji yaliyojaa tumboni au uvimbe wa ovari huweza kudhaniwa kuwa ni kibofu. Kwa hiyo si ajabu mtaalamu akirudia kupima. Zaidi ya hayo, kipimo husema kweli ya saa ile tu. Aliyekwenda msalani baada yake, namba yake imekwisha kazi.

Basi nilimwambia: kosa si kushindwa kubana, kwani mionzi yenyewe huwasha kibofu, na kadiri wiki zinavyopita kubana huwa kuzito. Kosa ni kunyamaza. Hapana haya katika kutafuta afya. Waambie leo kuhusu jana, na siku nyingine sema kabla ya kulala kitandani, watakupima tena. Ukitaka kupimwa na mwanamke mwenzako, omba. Na asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na hufunuliwa kiasi cha haja tu.

Ama saumu, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia. Maji yale ni sehemu ya tiba. Asiyapunguze kwa ajili ya kufunga. Kupokea ruhusa ya Mola ni utiifu.

Ama swala, imekaruhishwa kuswali huku umebanwa na haja. Swali kabla ya kunywa maji, au baada ya tiba wakati ungali upo.

Nawe mume, usimwachie mkeo haya peke yake. Mfuate hospitalini, umbebee chupa ya maji, umsemee pale ulimi wake unapozitoka.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.