Vigari vya Rimoti Vilivyoweka Historia, na Uwanja wa Kila Kimoja

Ukitafuta kigari cha rimoti chenye sura ya gari la zamani, muuzaji atakumwagia sifa: hiki ndicho cha kwanza, hiki kina kasi, hiki ni kidogo kuliko vyote. Sifa nyingine ni za kweli. Ila kila rekodi iliwekwa mahali pake, na mahali hapo huenda pasifanane na ua wako. Hivi hapa saba vyenye majina makubwa, pamoja na ardhi inayovifaa.

Cha kwanza madukani: Ferrari 250LM
Mwaka 1966 kampuni ya Italia iitwayo Elettronica Giocattoli ilitoa Ferrari 250LM ya kipimo cha 1/12 ya gari halisi. Hiki ndicho hutajwa kuwa kigari cha kwanza cha rimoti kuuzwa kwa umma. Mwaka mmoja nyuma, 250LM halisi ilikuwa imeshinda saa 24 za Le Mans. Gari hilohilo lilipigwa mnada Paris mwaka 2025 likapita yuro milioni 34, kwa hiyo wengi wetu tutaishia kwenye kigari.

Kilichofungua soko: Porsche 934
Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza kwa kupasua mbao kabla ya kugeukia vigari. Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alipotaka kuiga Porsche sawasawa, alinunua 911 nzima akaifungua vipande vipande. Kutokana na kazi hiyo, Porsche 934 ya rimoti ilitoka mwaka 1976, na zaidi ya 100,000 zikanunuliwa mwaka wa kwanza. Tumbo lake liko chini mno. Kwenye sakafu ya ukumbi kinateleza, kwenye changarawe kinakwama.

Mfalme wa mchanga: Sand Scorcher
Hii ni Volkswagen Beetle ya jangwani, iliyotolewa na Tamiya mwaka 1979 na kurudishwa sokoni mwaka 2010 kwa sababu wapenzi wake hawakuisahau. Vifaa vya redio vimo ndani ya kisanduku kinachozuia maji na vumbi. Bodi yake ni ya plastiki ngumu, inayoonyesha kila mkunjo wa gari lenyewe, lakini ikipinduka vibaya hupasuka. Ukitaka bodi ya kuvumilia ajali, tafuta ya polikaboneti: hiyo hujikunja na kurudi, ingawa urembo wake hupungua.

Kinachofanana na gari hata uvunguni: Toyota Hilux
Hilux ya Tamiya ya mwaka 1981 ilikuwa na fremu ya chuma na giaboksi ya gia tatu, unazobadili kwa rimoti huku kigari kikitembea. Haikuumbwa kukimbia. Raha yake ni kuitazama ikipanda jiwe polepole, gurudumu moja baada ya jingine.

Vidogo zaidi: Mini-Z na wadogo zake
Kampuni ya Kyosho ilianzisha Mini-Z mwaka 1999, kwa kipimo kinachokaribia 1/28. Miongoni mwa bodi zake imo Toyota 2000GT, gari ambalo nakala zake halisi zilizotengenezwa ni 351 tu. Turbo Racing ya China imeshuka hadi 1/76, kigari cha kutua kiganjani. Hivi ni vya sebuleni. Hata ukingo wa zulia ni mlima kwao.

Chenye kasi ya kutisha: kigari cha Nic Case
Tarehe 25 Oktoba 2014, huko St George, Utah, kigari cha Mmarekani Nic Case kilifika kilomita 325.12 kwa saa. Kina umbo la risasi, hakifanani na gari lolote la zamani, na kilihitaji lami ndefu iliyo tupu. Wala huhitaji kasi hiyo. Kigari cha 1/10 kikienda kilomita 30 kwa saa, macho hukiona kama gari linalokimbia 300.

Kilicho karibu nasi zaidi: Beetle ya mbio
Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo mashindano yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Tamiya ina Beetle Rally juu ya chasisi ya MF-01X, yenye kuvuta kwa magurudumu manne, ingawa Beetle iliyoshinda ilisukumwa na mawili ya nyuma tu. Kwa ua wa udongo wenye kokoto ndogo, mimi ningeanza na hiki. Na kabla ya kulipa ningekigeuza juu chini, nione nafasi kati ya tumbo na ardhi, kisha nimwombe muuzaji anionyeshe gia ya akiba iliyopo dukani. Asipokuwa nayo, sifa zote alizonimwagia zitaishia siku jino la kwanza litakapovunjika.