Mtoto Hazaliwi Anajua Simu

"Hivi hawa watoto wanazaliwa wanajua simu?" Anayewafundisha wazee kutumia simu huulizwa hivyo karibu kila siku. Jibu ni hapana, na swali lenyewe linaudhi kwa sababu anayeliuliza ameshajihukumu kabla hajagusa kitufe.

Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa kompyuta ya Macintosh mwaka 1979, alilimaliza suala hili mwaka 1994: kifaa tunachosema kinaeleweka chenyewe ni kile tu kinachofanana na tulichokwisha kukizoea. Mfano wake ulitoka kwenye filamu ya Star Trek IV, ambamo mhandisi bingwa wa karne ya 23 anapewa kipanya cha kompyuta, anakisogeza mdomoni na kuanza kukisemesha.

Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliwaita vijana "wenyeji wa dijitali", na jina likanasa. Lakini utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018 ulipowapima wanafunzi wa mwaka wa nane namna wanavyotafuta, kupima na kuandaa taarifa kwa kompyuta, ni asilimia 2 tu waliofika ngazi ya juu kabisa. Kutelezesha kidole kwenye video si ujuzi.

Tazama M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza Kenya Machi 2007. Hakuna aliyezaliwa nayo, na watu wazima wasiowahi kuwa na akaunti ya benki waliimudu. Walishazoea kukwangua vocha, kuingiza tarakimu na kumrushia ndugu salio. Palipowatatiza, wakala alikuwa jirani.

Mtoto hubonyeza kila kitu kwa kuwa akikosea hapotezi chochote. Simu ya bibi ina ada ya mjukuu ndani yake. Woga wake una sababu. Kisha inakuja ile dawa mbovu kuliko zote: "Lete nikufanyie." Mjukuu anainyakua simu, vidole vinaruka, kazi imekwisha. Bibi hakuona njia. Alichojifunza ni kwamba yeye hawezi, na namba yake ya siri ameshaitaja kwa sauti.

Kwa hiyo, simu ibaki mkononi mwake. Aoneshwe kwanza namna ya kurudi nyuma. Ajaribu kutuma kiasi kidogo kwa mtu wa nyumbani, aandike hatua kwa mkono wake, arudie kesho bila kusaidiwa. Namba ya siri abadilishe leo, na mjukuu asiambiwe.