Dawa Zinazoongeza Nguvu ya Tiba ya Mionzi

Mionzi huua seli za saratani kwa kuharibu vinasaba vilivyomo ndani yake. Hata hivyo, uvimbe mwingine hustahimili mionzi kuliko mwingine. Seli zilizo katikati ya uvimbe mkubwa hupata damu kidogo, na kwa hiyo oksijeni kidogo. Seli zilizokosa oksijeni huweza kuhitaji kiwango cha mionzi kinachokaribia mara tatu ya kile cha kawaida ili zife. Seli nyingine hujirekebisha baada ya kupigwa mionzi. Ndiyo sababu madaktari huongeza dawa inayoufanya uvimbe udhurike kwa urahisi zaidi.

Mfano ulio wazi ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Mwaka 1999, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari matokeo ya tafiti tano: wagonjwa waliopewa dawa ya sisplatini pamoja na mionzi walipungukiwa na hatari ya kufa kwa asilimia 30 hadi 50. Dawa hiyo huzuia seli kurekebisha vinasaba vilivyoharibika. Hutolewa kwa dripu, kwa kawaida mara moja kwa wiki katika kipindi cha mionzi.

Kwa hiyo tunamshauri mgonjwa:

1. Amuulize daktari, kabla ya kuanza mionzi, kama dawa hii inamfaa. Mwenye figo dhaifu huenda asiiweze.

2. Asiruke siku za tiba. Kwa saratani hii, tiba yote inapaswa kukamilika ndani ya wiki 8.

3. Apime damu na figo kama alivyoelekezwa, na atoe taarifa mapema akipata homa, mkojo ukipungua au masikio yakivuma.

4. Aache sigara, kwani moshi wake hupunguza oksijeni katika damu.

5. Asitumie vidonge vya vitamini vya kiwango kikubwa wala dawa za mitishamba bila kumweleza daktari. Baadhi yake huweza kuzikinga hata seli za saratani.

Muuzaji akidai kwamba bidhaa yake huipa mionzi nguvu, usilipe kwanza. Andika jina la bidhaa hiyo, ulipeleke kwa daktari anayekutibu. Fedha iliyopotea huweza kutafutwa tena. Muda wa tiba uliopotea haurudi.